Lee Van Cleef: Msee aliyeuawa kwa sura yake, kisha akakabidhiwa bunduki

Kabla hatujaenda mbali, toa simu utafute picha ya Lee Van Cleef. Umeipata? Macho membamba kama ya mtu anayetazama jua la saa nane, mashavu yaliyobonyea, masharubu, na pua iliyochongoka kama mdomo wa mwewe. Sasa sema ukweli wako. Huyu jamaa akiketi kando yako kwa matatu ya 46, saa tatu usiku, mnaelekea Kawangware, si utahamisha simu kutoka mfuko mmoja hadi mwingine?

Usione aibu. Hollywood ilimtazama hivyo hivyo kwa zaidi ya miaka kumi. Ilimwona, ikaamua huyu ni mtu mbaya, ikawa inamuua filamu baada ya filamu. Halafu siku moja Mwitaliano mmoja akaitazama sura ile ile, akaona kitu kingine kabisa. Hiyo ndiyo stori ya leo. Kuna pua, kuna bili ya simu, kuna kisasi, na ukisoma hadi mwisho utaona kwa nini inatuhusu sisi wa Nairobi kuliko tunavyodhani.

Kama jina hulijui, waulize wazee wenu. Kulikuwa na wakati mji wetu ulijaa majumba ya sinema: Kenya Cinema pale Moi Avenue, Cameo kule Kenyatta Avenue, Odeon upande wa Tom Mboya. Leo makanga akiita Odeon wewe unajua ni steji. Wazee wakisikia jina hilo wanakumbuka kiti, giza na skrini kubwa. Mengi ya majumba hayo yalifungwa, mengine yakageuka makanisa. Lakini miaka ya sitini na sabini filamu za kauboi kutoka Italia zilizunguka Afrika Mashariki na kujaza viti. Baadaye vibanda vya video vya Kangemi na Kawangware vikachukua zamu, na madijei kama DJ Afro wakatuonyesha kwamba filamu ya mtu yeyote inaweza kusimuliwa kwa Kiswahili cha mtaani.

Vibandani ndiko tulifundishwa sheria ya kwanza ya sinema: stelingi hafi. Ukishajua stelingi ni nani, unakula njugu zako kwa amani. Wanaokufa ni wale wengine, wenye sura mbaya. Van Cleef alikaa miaka mingi upande huo mwingine wa sheria.

Mtoto wa mfamasia

Alizaliwa tarehe 9 Januari 1925, mji wa Somerville, jimbo la New Jersey, Marekani. Jina kamili ni Clarence LeRoy Van Cleef. Usifikirie mtoto wa jambazi wala wa mchunga ng'ombe. Babake alikuwa mfamasia, mamake mpiga piano. Ukoo wao una mizizi Uholanzi. Ni familia ya kawaida kabisa, ya dawa za kikohozi na muziki wa sebuleni.

Septemba 1942 akajiunga na jeshi la wanamaji. Alikuwa na miaka 17 tu na vita vya pili vya dunia vimeshika moto. Na unajua kazi yake ilikuwa gani melini? Kusikiliza. Alikuwa fundi wa sona, ule mtambo wa sauti unaotambua nyambizi za adui zikiwa chini ya maji. Unaketi, unavaa vifaa vya masikio, unangoja. Ukisikia mlio, lazima ujue ni nyambizi ama ni samaki wakubwa wanapita, kwa sababu ukikosea, watu wanakufa. Alianza kwa meli za kuwinda nyambizi, kisha akahamishiwa USS Incredible, meli ya kusafisha mabomu yaliyotegwa baharini. Agosti 1944 meli hiyo ilikuwa kusini mwa Ufaransa majeshi ya washirika yalipotua huko.

Shika hiyo picha ya kijana anayesikiliza na kungoja. Tutaihitaji.

Vita vilipoisha alirudi nyumbani akiwa ameshaoa, akafanya kazi hii na ile, ikiwemo ya uhasibu. Uigizaji ulianza kama kitu cha jioni tu, kwa kikundi cha wapenzi wa maigizo pale kwao New Jersey. Kumbe jamaa ana kitu. Akachukuliwa kwenye msafara wa mchezo wa kuigiza wa Mister Roberts uliozunguka Marekani, na msafara ulipofika Los Angeles, mtayarishaji wa filamu aitwaye Stanley Kramer alikuwa ameketi akitazama.

Pua yenye bei

Kramer alikuwa anaandaa High Noon, filamu ya kauboi iliyotoka mwaka wa 1952. Alimtaka Van Cleef acheze naibu wa mkuu wa polisi, nafasi kubwa, ya kuongea, ya kukufanya ujulikane. Kulikuwa na sharti moja tu: aende kwa daktari akapasuliwe pua ipunguzwe.

Hebu simama hapo kidogo. Wewe ndiye una miaka 26, una mke na watoto, hujawahi kuonekana kwa filamu hata moja, na mlango umefunguliwa mbele yako. Unaambiwa pua tu. Si figo. Ungefanya nini?

Usijibu haraka, kwa sababu hapa mjini tunaombwa pua kila siku, ila zinaitwa majina mengine. Kuna dada anayeambiwa ajichubue ngozi kidogo ndiyo apate kazi ya mapokezi. Kuna jamaa wa Kangemi anayeandika Westlands kwenye wasifu wake kwa sababu anajua mtaa wake ukisomwa, karatasi inarudi chini ya rundo. Kuna mwenye rasta anayeambiwa anyoe kwanza ndiyo aje kwa mahojiano. Sisemi wamekosea. Njaa haina ustaarabu. Nasema tu bei hiyo ipo na kila mtu hapa anaijua.

Van Cleef alikataa. Nafasi ya naibu ikaenda kwa Lloyd Bridges. Yeye akapewa kibarua cha Jack Colby, mmoja wa majambazi watatu wanaongoja treni ya adhuhuri imlete mkubwa wao. Hana neno hata moja la kusema filamu nzima. Lakini tazama vile inaanza: uso wa kwanza kabisa unaouona ni wake, ameketi peke yake, anavuta sigara, anangoja. Yule kijana wa sona.

Kufa ndiyo kazi

Kuanzia hapo simu zilikuja. Zilikuja na jibu moja: adui. Jambazi, mhuni wa mji, mtu wa genge, mpiga risasi anayesimama nyuma ya mkubwa wake. Hakuwa na shida ya kazi, shida ilikuwa kwamba mtazamaji akimwona tu alishajua mwisho wake. Mwaka wa 1957, ndani ya Gunfight at the O.K. Corral, anakuja mjini kulipiza kisasi cha ndugu yake, na filamu hata haijapata moto anachomwa kisu na Doc Holliday. Mwaka wa 1959, ndani ya Ride Lonesome, yeye ndiye aliyemnyonga mke wa stelingi, na safari yote inapangwa ili avutwe hadi kwenye mti ule ule.

Lakini ile ambayo ningetaka ujue ni The Bravados ya 1958. Stelingi ni Gregory Peck, mrefu, mtanashati, sura ya mtu unayeweza kumwachia mtoto. Anacheza mkulima ambaye mke wake aliuawa, na ana hakika kwamba wauaji ni wanaume wanne waliokuwa wakingoja kunyongwa kwa kosa lingine. Wale wanne wanatoroka. Yeye anawafuata, mmoja baada ya mwingine. Akimshika mtu, anamwonyesha picha ya marehemu mkewe iliyo ndani ya saa yake ya mfukoni.

Van Cleef ni mmoja wa wale wanne. Anapoonyeshwa picha analia, anaomba, anaapa hajawahi kumwona huyo mama maishani mwake. Peck haamini. Utaaminije sura kama ile? Anamuua.

Halafu, filamu ikikaribia kuisha, ukweli unatoka. Hawakuwa wao. Hawakumgusa yule mama. Aliyemuua ni jirani, mtu wa kawaida ambaye hakuna aliyemshuku. Walikuwa wahalifu, sawa, na walikuwa na kesi yao. Ila hili hawakulifanya. Stelingi amebaki na damu mikononi na hakuna wa kumrudishia hata mmoja.

Ile filamu ilipigwa huko mbali kabla wengi wa wazazi wetu hawajazaliwa, lakini wewe umeshaona tukio hilo. Uliliona River Road, ama Muthurwa, ama nyuma ya soko la Kangemi. Mtu mmoja anapiga kelele za mwizi. Kijana mmoja anakimbia, labda kwa sababu ameiba, labda kwa sababu ameona watu wanakimbia. Dakika mbili baadaye kuna mawe, dakika tano kuna tairi. Ukiwauliza wanaorusha, wengi hawajui aliyeibiwa ni nani wala kilichoibwa ni nini. Wanajua sura tu. Alikuwa na hudi. Alikuwa anakaa vile wezi hukaa. Na hakuna filamu inayorudi nyuma kutuonyesha jirani.

Katiba yetu ya 2010 inampa kila mtu haki ya kuishi, na anayeshtakiwa haki ya kusikizwa. Mtaani tunazikumbuka haki hizo siku ambayo ndugu yetu ndiye amelala chini. Hasira hasara, tulifundishwa shule ya msingi, tukaiandika kwa insha, tukapata alama, tukaisahau.

Hujafa hujaumbika

Turudi kwa jamaa wetu. Mwaka wa 1958 alipata ajali mbaya ya gari. Aliumia goti vibaya sana, na madaktari walidhani hatapanda farasi tena. Sasa fikiria, wewe ni mwigizaji wa filamu za kauboi halafu unaambiwa farasi basi. Alirudi kupanda, lakini maumivu ya goti yalikaa naye maisha yote. Na kipindi hicho hicho ndoa yake ya kwanza ikavunjika.

Kazi zikapungua. Aliendelea kuonekana kwa televisheni hapa na pale, na mwaka wa 1962 alikuwa mmoja wa wahuni wa nyuma ndani ya The Man Who Shot Liberty Valance. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa anaelekea kusahaulika. Alishika brashi akaanza kuuza picha za kuchora. Ilifika mahali bili ya simu ikamshinda, na hilo alilisimulia mwenyewe baadaye bila kuficha.

Kama umewahi kusota Nairobi, unajua hiyo hatua. Unachagua nani utampigia na nani atangoje. Mimi niliacha chuo karo ilipokwama, na mpaka leo hakuna harusi nitakayoenda nikose shangazi wa kuniuliza ninamaliza lini. Kwa hivyo nikisoma kwamba Januari 1965 huyu mtu alitimiza miaka 40 akiwa na goti bovu, kazi hakuna na simu inakaribia kukatwa, sisomi kama historia. Nasoma kama habari.

Mwitaliano anabisha hodi

Mwaka uliotangulia, mwongozaji wa Italia aitwaye Sergio Leone alikuwa ametoa filamu ya bei rahisi, A Fistful of Dollars, na ikapasua. Sasa alitaka nyingine kubwa zaidi. Clint Eastwood alikuwa tayari, lakini Leone alihitaji mtu wa pili, mzee kidogo, wa kusimama naye sako kwa bako. Aliwafikiria Henry Fonda na Lee Marvin. Haikuwezekana. Ndipo akakumbuka ile sura aliyokuwa ameiona kwenye filamu za Marekani miaka ya hamsini, ile iliyokuwa ikifa kabla hujamaliza soda. Akavuka bahari kwenda kuitafuta.

Van Cleef alienda, akalipwa kama dola 17,000 kwa hesabu yake mwenyewe, akalipa bili ya simu. Filamu ikatoka Italia Desemba 1965. Kwa Kiingereza inaitwa For a Few Dollars More.

Hii filamu ina zaidi ya nusu karne, kwa hivyo usinikasirikie nikikupa mwisho. Van Cleef ni Kanali Mortimer. Anaingia ndani ya treni akisoma Biblia, amevaa nguo nyeusi kama mchungaji anayeenda mkutano wa injili. Ana mkoba wa bunduki kadhaa, kila moja na umbali wake, kama fundi na spana zake. Wote tunadhani anamwinda jambazi El Indio kwa sababu ya pesa, maana kichwa cha Indio kina zawadi nono. Ila Indio ana saa ya mfukoni inayopiga muziki, na Mortimer anayo iliyo pacha wake. Pole pole tunaelewa. Miaka mingi iliyopita Indio alimuua mpenzi wa msichana mmoja, akamnajisi msichana huyo, na yeye akajitoa uhai papo hapo. Msichana huyo alikuwa dada yake Mortimer.

Angalia tofauti. Mortimer hakurupuki. Ana jina, ana uso, ana ushahidi unaopiga muziki mfukoni mwake. Na kisasi kikishaisha, zawadi yote anamwachia Clint. Hachukui senti. Anapanda farasi anaenda zake. Pesa ingeigeuza ile kazi kuwa kibarua, na yeye hakuwa amekuja kwa kibarua.

Muhimu zaidi ni hili: pua ni ile ile. Macho ni yale yale. Hakuna daktari aliyemgusa. Sura iliyompa unyonge wa The Bravados sasa ilibeba huzuni na heshima ya mtu aliyengoja miaka. Haikuwa imebadilika. Aliyeshika kamera ndiye aliyebadilika.

Mwaka mmoja baadaye akaitwa tena kwa The Good, the Bad and the Ugly, na safari hiyo malipo yakavuka dola 100,000. Humo alikuwa muuaji baridi, na ukitazama vizuri lile pambano la makaburini mwishoni, kamera ikisogelea mkono, utaona kidole chake cha kati cha kulia kimepungua ncha. Kidole hicho hakikukatwa na risasi. Alikiumiza akimjengea bintiye nyumba ya kuchezea. Yaani jambazi anayeogopwa kuliko wote sinemani aliumia akiwa fundi wa mtoto wake.

Vijana wawili, kisasi kimoja

Mwaka huo huo wa 1966 alicheza The Big Gundown, na hapa meza imepinduliwa kabisa. Yeye ndiye mwindaji. Anatumwa kumkamata Mmeksiko maskini anayedaiwa kumnajisi na kumuua mtoto wa kike. Anamfuata nchi nzima, anamkosa, anamfuata tena, na njiani anaanza kushuku kitu. Maskini yule ni mjanja na ni mwizi mdogo mdogo, lakini lile kosa si lake. Aliyelifanya ni mtu wa familia ya tajiri aliyemtuma. Tofauti na Gregory Peck, Van Cleef anagundua kabla ya kufyatua. Alisikiliza.

Kisha ikaja Death Rides a Horse ya 1967, iliyoongozwa na Giulio Petroni na kupigiwa muziki na Ennio Morricone. Kama umetazama Kill Bill ya Tarantino, ile ya kwanza ya 2003, basi muziki wake umeshakupita masikioni, maana Tarantino aliuchukua.

Stori ni hii. Usiku wa mvua, genge linavamia nyumba. Mtoto mdogo, Bill, amejificha akiona kila kitu: babake, mamake, dadake. Hazijui nyuso zao vizuri, anashika alama tu. Kovu. Chale za karata kifuani. Hereni. Mkufu wenye fuvu. Nyumba inachomwa, na mtu fulani anamtoa nje. Miaka 15 baadaye Bill, sasa ni John Phillip Law, amekuwa kijana mwenye shabaha kali na kitu kimoja tu kichwani. Wakati huo huo mzee Ryan, huyu ni Van Cleef, anatoka jela. Wenzake walimsaliti akafungwa miaka 15, na sasa anataka walipe.

Wote wawili wanawafuata watu wale wale. Kijana ana haraka, mzee hana. Wanaokoana, wanaibiana farasi, wanakosana, mzee anamfundisha kijana kila anapojikwaa. Na wewe mtazamaji unaanza kuwapenda wote wawili, ndipo ule mkufu wa fuvu unaonekana. Ni wa Ryan. Alikuwa na genge usiku ule. Na ni yeye aliyemtoa mtoto motoni.

Sasa Bill afanye nini? Ameapa miaka 15. Alama aliyoishikilia iko mbele yake, imevaliwa na mtu aliyemwokoa mara mbili. Bunduki ya Ryan haina risasi, na anakataa kupewa hata moja. Anageuka, anatembea, mgongo wazi. Bill anafyatua, na risasi inampata jambazi aliyekuwa amebaki hai akitaka kumpiga Ryan kwa nyuma. Basi. Wanaachana wakiwa hai.

Hiyo ndiyo sababu filamu hii imenikaa kuliko zingine. Dakika mia hivi inakufundisha kupenda kisasi, halafu mwishoni inakuuliza kama alama inatosha kumuua mtu.

Kutoka Italia hadi Jamaica hadi kwa spika yako

Kuna watu walimwelewa Van Cleef haraka kuliko Hollywood, na walikuwa maskini wa mitaa ya Kingston. Jamaica ilizipenda filamu hizi hadi zikaingia kwa reggae. Lee Perry na bendi yake ya Upsetters walitoa Return of Django. Na kulikuwa na dijei aitwaye King Stitt, aliyezaliwa uso wake ukiwa na ulemavu. Watu walimcheka tangu utotoni. Ile filamu ya Leone ilipofika Jamaica, alijichukulia jina la yule mbaya wa sura, akalibeba jukwaani kwa kifua mbele, na mwishoni mwa miaka ya sitini akarekodi wimbo ambao jina lake ni Lee Van Cleef.

Kwa hivyo Jumapili ukiwa ndani ya matatu inayopanda Waiyaki Way, reggae imefunguliwa hadi vioo vinatetemeka, kumbuka kwamba ndani ya ukoo wa muziki huo kuna mtoto wa mfamasia wa New Jersey aliyekataa kukatwa pua.

Miaka ya mwisho

Kutoka hapo alikuwa stelingi kamili Ulaya. Mwaka wa 1969 alikuwa Sabata, mpiga risasi mwenye vifaa vya ajabu na tabasamu la nusu, na mwaka wa 1971 akamrudia. Hata vitabu vya katuni vya Lucky Luke vilichora sura yake. Filamu za kauboi za Italia zilipopoa, akarudi Marekani. Mwaka wa 1981 alicheza mkuu wa polisi ndani ya Escape from New York, na mwaka wa 1984 akawa mwalimu mzee wa ninja kwa mfululizo wa televisheni uitwao The Master, goti lile lile likimuuma.

Moyo ulikuwa umeanza kumsumbua kitambo. Tarehe 16 Desemba 1989, nyumbani kwake Oxnard, California, ulisimama. Alikuwa na miaka 64. Leone, aliyevuka bahari kumtafuta, alikuwa ametangulia mwezi wa Aprili mwaka huo huo. Amezikwa Forest Lawn, Hollywood Hills, mji ule ule uliotaka kumpasua uso.

Wikendi hii ukipata bando, zitazame tatu kwa mpangilio huu: The Bravados, For a Few Dollars More, kisha Death Rides a Horse. Katika ya kwanza anauawa kwa jambo asilofanya. Katika ya pili anamfuata mkosaji mwenyewe, na hakuna shaka. Katika ya tatu ana hatia kidogo na wema kidogo, kama wengi wetu, na anaponea kwa sababu kijana mwenye bunduki alifikiri sekunde moja zaidi.

Na siku utakapokuwa mjini usikie kelele za mwizi, uone watu wanaokota mawe, usiokote la kwako. Uliza kwa sauti ni nani ameibiwa, na yuko wapi. Mara nyingi hakuna atakayejua, na hapo ndipo mkono ulioinuliwa huanza kushuka.